Lubumbashi: Kamalondo na Kibassa Maliba, viwanja viwili vinavyobeba mpira wa mji mmoja

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Kamalondo ni komine ndogo kuliko zote za Lubumbashi. Nyumba zimebanana, barabara ni nyembamba, na kiwanja kimoja kinaweza kukaliwa na watu wa ukoo mmoja tangu wakati wa Wabelgiji, walipoita mtaa huu siti Albert na kuwaweka hapa wafanyakazi weusi, mbali kidogo na mitaa ya wazungu. Hapa, katikati ya watu, ndipo klabu ya TP Mazembe ilijenga uwanja wake uliofunguliwa mwaka wa 2011.

Siku ya mungu Mazembe ikicheza nyumbani, mtu anayetoka Katuba ao Ruashi hahitaji kuuliza njia. Anafuata nyeusi na nyeupe. Mama wa bukari na samaki wanakuwa wamepanga meza tangu asubuhi, watoto wanauza maji ya mfukoni na karanga, vijana wanalinda magari ya wageni kwa franka chache. Saa ambazo Kinshasa wanakula chakula cha mchana (huko saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja), Kamalondo imekwisha kujaa.

Uwanja huo unapokea watu wapatao 18.000. Kwa mji wenye mamilioni ya wakaaji, hiyo si hesabu kubwa. Kibassa Maliba, uwanja wa zamani ulio katika komine ya Kenya, unatajwa kuwa na nafasi 35.000, karibu mara mbili. (Wasomaji wa Mombasa na Nairobi wasishangae: Kenya yetu ni komine ya Lubumbashi.) Lakini tangu 2011, mechi kubwa za Afrika zinazofika Haut-Katanga zinachezwa Kamalondo, na sababu yake si ukubwa.

Sababu ya kwanza ni kwamba uwanja ni wa klabu yenyewe. Kwetu RDC hilo ni jambo la nadra. Viwanja vingi vikubwa vya inchi ni vya serikali, na kila utawala unavipa jina lake. Stade Tata Raphaël ya Kinshasa ilizaliwa mwaka wa 1952 ikiitwa Roi Baudouin, ikawa Stade du 20 Mai, ndipo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka wa 1974, kisha ikachukua jina la padri Raphaël de la Kethulle. Stade des Martyrs ilifunguliwa mwaka wa 1994 ikiitwa Kamanyola. Jina la sasa lilikuja mwaka wa 1997, kwa ukumbusho wa wanasiasa wanne walionyongwa mbele ya watu mwezi wa Juni mwaka wa 1966. Hata Kibassa Maliba iliwahi kuitwa Stade Mobutu. Kule Kamalondo hakuna waziri anayeweza kubadilisha jina.

Nyasi zisizooga mvua

Mtu anayeingia Kamalondo kwa mara ya kwanza anatazama kwanza viti, vyeusi na vyeupe. Mchezaji anatazama chini. Hakuna udongo wala majani. Kuna zulia la nyuzi za plastiki, na katikati ya nyuzi hizo mchanga na punje za mpira mweusi zinazosaidia mguu usiteleze na mpira usidunde kupita kiasi.

Hiyo si anasa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ya Katanga haipigi hodi. Na ndiyo miezi ambayo CAF inapanga mechi za makundi katika mashindano yake ya klabu. Wale waliocheza mpira kwenye viwanja vya kata wanajua udongo wetu mwekundu unageuka nini baada ya mvua ya saa moja: viatu vinakuwa vizito kama matofali, na pasi ya metre kumi inakufa njiani. Kisha unakuja musimu wa kiangazi, na ardhi hiyo inakuwa ngumu kama sementi, vumbi juu. Kutunza nyasi za kweli katika hali hiyo kunataka maji kila siku, mashine, mbolea, na mtu anayelipwa kila mwezi kwa kazi hiyo tu. Klabu ilichagua zulia.

FIFA inakubali zulia hizo, lakini kwa masharti. Kuna cheti cha kiwango cha juu kinachodumu mwaka mmoja tu, kisha uwanja unapimwa tena: mpira unadunda namna gani, unabingirika umbali gani, mguu unanasa kiasi gani. Cheti cha kiwango cha kawaida kinadumu miaka mitatu. Zulia lenyewe lina umri wake. Likitumiwa sana linachoka, kwa kawaida baada ya miaka nane ao kumi. Nyuzi zinalala, punje zinapungua, na goti la mchezaji ndilo linalolipa. Kwa hiyo yule anayefikiri nyasi bandia ni gharama ya mara moja anajidanganya.

Na kuna joto. Punje nyeusi zinanyonya jua. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati jua la Lubumbashi linapiga kichwani, zulia linachoma kupitia sori za viatu. Wachezaji wa inchi nyingi hawazipendi nyasi hizo. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 lilipopangwa kuchezwa Canada juu ya zulia tupu, wachezaji wakubwa walipeleka malalamiko wakisema wanaume hawangefanyiwa hivyo. Hawakukosea: viwanja vyote vya Kombe la Dunia la wanaume la 2026 vilipangwa kuwa na nyasi za kweli, hata vile vya Marekani ambavyo siku nyingine vina zulia.

Ila mwenyeji aliyezoea anapata faida. Mpira unakimbia zaidi, unadunda tofauti, na mgeni aliyefika juzi kutoka kwenye nyasi laini anahitaji dakika ishirini kuelewa. Dakika ishirini katika mechi ya Afrika ni nyingi. Waulizeni Simba ya Dar es Salaam. Tarehe 6 Aprili 2019 walitoka 0-0 na Mazembe nyumbani kwao. Wiki moja baadaye, Lubumbashi, walifunga wao kwanza, kisha wakapigwa 4-1.

Zulia si dawa ya kushinda kila siku. Yanga walikuja tarehe 2 Aprili 2023 na wakaondoka na ushindi wa 1-0, juu ya zulia hilohilo.

Kila uwanja na tabia yake

Kuna jambo jingine ambalo wageni wanalisahau: Lubumbashi iko juu, metre zipatazo 1.200 kutoka usawa wa bahari. Si La Paz, lakini mtu aliyeamka Dar es Salaam ao Abidjan analisikia kifuani kipindi cha pili.

Wamarekani wamelifanya jambo hilo kuwa elimu nzima, kupitia besiboli, mchezo wao wa rungu na mpira mdogo. Huko Denver, mji ulio metre 1.600 juu, hewa ni nyepesi na mpira uliopigwa unaruka mbali zaidi kuliko katika miji ya pwani. Ilifika hatua kwamba kuanzia mwaka wa 2002 wenye uwanja walianza kuweka mipira katika chumba chenye unyevu uliopimwa, ili isikauke na kuruka kupita kiasi.

Besiboli inafaa kutajwa hapa kwa sababu ndiyo mchezo ambao uwanja wenyewe unacheza. Katika mpira wa miguu, metre 105 kwa 68 ndicho kipimo kinachotakiwa karibu kila mahali pakubwa. Ukiwa Kamalondo, Cairo ao Madrid, goli liko palepale. Katika besiboli vipimo vya ndani ndivyo vimefungwa: kutoka kituo kimoja hadi kingine ni metre 27 na nusu hivi, kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni metre 18 na kitu. Ukuta wa nyuma kila mji unauweka mahali pake. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa mwaka wa 1912, ilibanwa na barabara upande wa kushoto, ikabidi ukuta uwe karibu, metre 94 tu, na ili mipira isitoke ovyo wakaupandisha zaidi ya metre 11. Leo ukuta huo wa kijani ni maarufu kuliko wachezaji wengi waliopita mbele yake. Huko Chicago, ukuta wa Wrigley Field umefunikwa na mimea inayotambaa, na mpira ukipotelea ndani ya majani kuna sheria inayosema mpigaji apewe vituo viwili. Uwanja huohuo, uliojengwa mwaka wa 1914, haukuwa na taa za usiku hadi 1988, kwa sehemu kwa sababu majirani hawakutaka kelele na mwanga usiku.

Afrika ya Mashariki nayo imeuonja mchezo huo: mwaka wa 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Lubumbashi bado hatujafika huko. Lakini hadithi ya Boston ya uwanja uliobanwa na barabara, na ile ya Chicago ya majirani wenye sauti, mkaaji wa Kamalondo anaielewa bila mkalimani. Uwanja uliowekwa kati ya nyumba za watu unaleta biashara, na unaleta pia foleni, mkojo kwenye ukuta, na usiku ambao mtoto mchanga halali.

Kurasa kubwa ziliandikwa Kenya

Sasa tuseme jambo ambalo mashabiki vijana wa Mazembe hawapendi kulisikia. Miaka mikubwa kuliko yote ya klabu yao haikuchezwa Kamalondo. Ilichezwa katika uwanja wa umma.

Tarehe 7 Novemba 2009, katika Kibassa Maliba, Mazembe iliifunga Heartland ya Nigeria 1-0. Walikuwa wamepoteza 2-1 kule Owerri, na goli lile la ugenini likawapa kombe la kwanza la mabingwa wa Afrika tangu 1968. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba, Espérance ya Tunis ilifika uwanjani hapo kwa fainali na ikabeba magoli matano bila kurudisha hata moja. Miezi miwili baadaye, huko Abu Dhabi, Mazembe iliwatoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, ikawa klabu ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milan iliwapiga 3-0, lakini dunia ilikuwa imekwisha kumwona Robert Kidiaba akiruka kwa makalio mbele ya goli lake.

Yote hayo yalitoka kwenye ngazi za Kibassa Maliba. Jina hilo ni la Frédéric Kibassa Maliba, mwanasiasa wa Katanga, mmoja wa waanzilishi wa chama cha UDPS, aliyefariki mwaka wa 2003. Humo ndimo pia FC Saint-Éloi Lupopo, ndugu na adui wa Mazembe, imezoea kupokea wageni wake. Klabu zote mbili zilizaliwa mwaka wa 1939. Mazembe ilianzishwa na wamonaki Wabenedikti kwa jina la Saint-Georges, ikapitia jina la Englebert, kampuni ya matairi ya Ubelgiji, na ikajiita Tout Puissant baada ya kumaliza msimu wa 1966 bila kushindwa. Lupopo, ya manjano na bluu, ni timu ya watu wa reli, na mpaka leo wanaitwa Cheminots. Mtakatifu Éloi mwenyewe ni msimamizi wa wafua chuma. Mji wa shaba na reli, ungetaka mtakatifu gani mwingine?

Mazembe imepata vikombe Kamalondo pia. Tarehe 8 Novemba 2015, USM Alger walikuja wakiwa tayari wamepoteza 2-1 kwao. Uwanja ulingoja mpaka dakika ya 75, ndipo Mbwana Samatta, kijana wa Dar es Salaam aliyefika kutoka Simba mwaka wa 2011, akapiga penalti. Roger Assalé akaongeza la pili mwishoni. Lilikuwa kombe la tano la mabingwa, na Samatta akamaliza akiwa kati ya wafungaji bora wa mashindano. Yakafuata makombe ya Shirikisho ya 2016 na 2017. Mwaka wa 2024 ilikuwa zamu ya wanawake wa Mazembe, waliochukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco kwa kuwafunga AS FAR 1-0.

Hata timu ya taifa imekopa nyumba. Tarehe 2 Septemba 2021, Leopards walipokea Tanzania Kamalondo katika kutafuta Kombe la Dunia la 2022. Dieumerci Mbokani, aliyewahi kuvaa nyeusi na nyeupe, alifunga, Simon Msuva akasawazisha, 1-1. Ilikuwa mechi ya Waswahili wawili, na wale waliokuwa karibu na benchi waliweza kuelewa matusi ya pande zote mbili.

Mfuko wa nani

Uwanja wa Kamalondo hauwezi kutenganishwa na Moïse Katumbi, rais wa klabu tangu 1997, gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, kisha mpinzani mkubwa wa kisiasa. Wako wanaosema bila yeye hakungekuwa na tofali. Wako wanaouliza nini kitabaki siku mfuko huo ukifungwa. Ukweli unaojulikana ni huu: Katumbi aliondoka inchini Mei 2016 na hakurudi Lubumbashi hadi tarehe 20 Mei 2019. Katika miaka hiyo mitatu uwanja haukufungwa, na makombe mawili ya Shirikisho yalipatikana rais akiwa uhamishoni. Hiyo inaonyesha kwamba klabu ilikuwa na watu na utaratibu. Haionyeshi kwamba zulia litajilipia lenyewe.

Kwa upande wa uwanja wa umma, hesabu ni nyingine. Hakuna tajiri mmoja nyuma yake, kuna bajeti, na bajeti ya michezo katika majimbo yetu inajulikana ilivyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo Lubumbashi inapoteza zaidi. Uwanja wa watu 35.000 ndio pekee unaoweza kubeba dabi ya Mazembe na Lupopo bila nusu ya mji kubaki nje. Ukiweka dabi hiyo Kamalondo, una watu 18.000 ndani, na nyuma ya ukuta wengine wengi wenye hasira, barabara nyembamba, na polisi wenye mabomu ya machozi.

Tunajua mchanganyiko huo unaleta nini. Tarehe 11 Mei 2014, Tata Raphaël, Kinshasa, Vita Club walikuwa wanacheza na Mazembe. Fujo zilianza, gesi ya machozi ikarushwa, watu wakakimbilia kutoka. Watu 15 walikufa. Uwanja salama unajulikana wakati watu wanatoka mbio: milango mingapi, upana gani, inafunguka upande gani, na nani ana ufunguo. Viti vya rangi havisaidii kitu dakika hiyo.

CAF nayo imekaza kamba miaka hii. Wakaguzi wanafika na karatasi ndefu: mwanga, viti, vyumba vya kubadilisha nguo, chumba cha daktari, mahali pa waandishi wa habari, njia za dharura. Inchi nyingi za Afrika zimejikuta zinacheza mechi za nyumbani katika inchi za wengine, na shabiki wa kawaida anabaki na televisheni.

Lubumbashi ilionja hilo mwaka wa 2023. Mazembe ilikuwa kati ya klabu nane zilizochaguliwa kwa mashindano mapya ya African Football League. Tarehe 22 Oktoba iliipokea Espérance ya Tunis, wapinzani walewale wa 5-0. Mechi hiyo ya nyumbani ilichezwa katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mazembe ilishinda 1-0, kisha ikafungwa 3-0 Tunis na kutoka.

Kutoka Kamalondo mpaka Dar es Salaam kwa barabara, unapita Kasumbalesa, unakata Zambia yote hadi Nakonde na Tunduma, kisha unateremka Tanzania mpaka baharini. Malori ya shaba yanaijua njia hiyo vizuri. Mama wa bukari hawakuifuata. Siku hiyo meza zao zilibaki zimeegemea ukuta.